Namna ya kuchapa mwani kwa jua

Mwambie mwanafunzi achore mwani, hata yule ambaye mama yake anaulima hapa pwani ya mashariki ya Unguja, atakuchorea kijiti chenye matawi. Ndiyo maana mimi kwenye somo la baiolojia nafundisha kuuchapa kwa jua, yaani kuacha kivuli chake kwenye karatasi yenye dawa, kama alivyofanya Anna Atkins wa Uingereza. Kitabu cha mtaalamu wa mimea William Harvey cha mwaka 1841 kuhusu mwani wa nchi yao hakikuwa na picha. Atkins alikuwa na mkono hodari, kwani alishamchorea baba yake makombe ya baharini, michoro zaidi ya 200, lakini nyuzi za mwani aliziona nyembamba mno kuchorwa kwa usahihi. Mwaka 1842 rafiki wa familia yao, mwanafalaki John Herschel, akagundua dawa ya chuma inayogeuka buluu juani. Mwaka 1843 Atkins akaanza kutoa kurasa zake za mwani kwa dawa hiyo, kazi ya miaka 10.

Dawa ni mbili. Yeyusha gramu 25 za feriki amonia sitreti katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisayanidi katika mililita 100 nyengine. Vaa glavu, na hiyo ya pili usiipashe moto wala kuichanganya na asidi kali. Changanya sawa kwa sawa kiasi cha kutumia siku hiyo tu, kwenye chumba chenye kiza, upake kwa brashi kwenye karatasi nzito ya rangi za maji. Ikauke humo humo gizani.

Mwani ndio unaotaka subira. Usuuze chumvi, uuweke uelee kwenye sinia la maji, matawi yajifungue yenyewe, kisha uukaushe katikati ya magazeti chini ya vitabu vizito. Usikate kishikizio cha chini hata kama unakiona kinaharibu umbo. Mtaalamu anakitafuta hicho kwanza. Spinosam, aina ya mwani tunayolima, ni nene, itakupa kivuli cheupe tu. Mwani mwembamba kama jani la saladi unapitisha mwanga, na hapo utaona mikunjo yake yote. Huo ndio ninaoupenda zaidi.

Laza mwani juu ya karatasi, ufunike kwa kioo, ubane, upeleke juani. Jua la saa sita huchukua kama dakika 10, lakini tazama rangi kuliko saa: kutoka umanjano wa kijani, ipite buluu, mpaka iwe kijivu kama majivu. Mionzi imeshabadilisha chuma, na pale palipofunikwa dawa bado inaweza kuyeyuka majini.

Osha mpaka umanjano uishe. Maji ya visima vyetu vya mawe ya matumbawe yana chokaa, nayo hufifisha buluu, kwa hiyo tia matone ya siki. Sabuni usiiguse kabisa.

Karatasi ikikauka, andika kwa penseli jina la kisayansi, mahali na tarehe. Atkins aliandika jina chini ya kila mwani, na bila jina ninakurudishia karatasi yako, iwe nzuri vipi. Ukiitundika ukutani ikapauka, iweke kabatini siku kadhaa. Buluu hurudi gizani.