Kuagiza kwenye mgahawa wa Hawaii ili meza nzima ile vizuri

Chakula cha Hawaii kilichanganyikia kwenye mashamba ya miwa, ambako vibarua kutoka China, Japani, Ureno, Korea na Ufilipino waliishi jirani na wenyeji wa visiwa. Ndiyo maana menyu moja ina jodari mbichi, tambi za mchuzi, kuku wa katsu, yaani aliyepakwa chenga za mkate na kukaangwa, na nguruwe wa kalua, aliyeokwa kwenye shimo la ardhini. Kila mtu akijiagizia sahani yake, mtaondoka mmeonja robo tu ya kilichopo. Agizeni vya kuchangia.

Tuanze na meza. Migahawa hii ya mjini ina muziki, baa na mara nyingi jiko la wazi, kwa hiyo unapoweka nafasi omba meza ya ukutani, mbali na baa na njia ya wahudumu. Watu wanne ndio idadi nzuri. Wakizidi sita, sahani haziwafikii walio pembeni, na inabidi kila chakula kiagizwe mara mbili. Ukitaka kuonja bila gharama kubwa, ulizia pau hana, yaani saa za baada ya kazi, ambapo vitafunio vyao, pupu, mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini.

Kosa linaloharibu mlo kuliko yote ni kutaja kila kitu kwa mkupuo. Jiko la namna hii hutoa chakula kinapoiva, hivyo samaki mbichi atapata joto mezani na vya kukaanga vitalainika kabla hamjavifikia. Mwambie mhudumu mapema kwamba mnataka kwa awamu. Kwa watu wanne inatosha poke moja, yaani samaki mbichi wa vipande aliyekolezwa, pupu mbili, sahani mbili kubwa na bakuli mbili za wali. Saimin, tambi za mchuzi mwepesi wa dashi, supu ya msingi ya Kijapani, iongezeni baadaye mkiona bado kuna nafasi.

Poke ndiyo kipimo cha jiko. Neno lenyewe lina maana ya kukata vipande, na ukataji ndio wa kuutazama kwanza: vipande vya takriban sentimita 2, kingo safi, visivyochanika. Ya shoyu huwa na sosi ya soya, mafuta ya ufuta na vitunguu. Ya kienyeji hutiwa chumvi, mwani uitwao limu na inamona, yaani mbegu za mti wa kukui zilizokaangwa na kupondwa. Ya pilipili huchanganywa na mayonezi, na mayonezi huficha ubora wa samaki. Kwa mara ya kwanza chagua mojawapo ya zile mbili za mwanzo. Ukikuta maji yametuama chini ya bakuli na samaki amekuwa mgumu na mweusi, imechanganywa zamani, kwa sababu chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyama. Irudishe. Ikiwa nzuri, imalizeni ndani ya dakika 20, na msiongeze soya kabla ya kuonja. Mjamzito aiache, maana samaki ni mbichi.

Kisha laulau, nyama iliyofungwa kwa majani na kupikwa kwa mvuke, ambayo wageni wengi huikosea. Jani la nje, la mmea uitwao ti, ni la kufungia tu, haliliwi. La ndani ni jani la gimbi, nalo huliwa pamoja na nyama. Linapaswa kuwa laini kabisa. Likikuwasha kooni halikuiva vya kutosha, kwa kuwa majani ya magimbi yana fuwele za kalsiamu oksaleti zinazohitaji kupikwa kwa muda mrefu. Acha kula na umweleze mhudumu. Poi, magimbi yaliyopondwa na kulainishwa kwa maji, huchachuka kadiri siku zinavyopita, na uchachu huo si kuharibika. Peke yake imepooza. Ukiila kwa kupokezana na kitu cha chumvi kama kalua, utaielewa.

Loco moco ni wali, kababu bapa ya ng'ombe, yai la kukaanga na rojo ya kahawia. Ni tamu sana lakini nzito, iagizeni siku isiyo na pupu. Pasua kiini rojo ikiwa bado moto.

Mkitumia vijiti, msivisimike wima kwenye wali wala kupokezana chakula kijiti kwa kijiti. Kwa Wajapani hayo ni mambo ya msiba.

Mwenye mzio aseme kabla ya kuagiza. Shoyu ya kawaida ina ngano, ufuta upo karibu kila mahali, sosi ya chaza hujificha kwenye tambi, na kokteli ya Mai Tai huwa na orgeat, sharubati ya lozi. Kinywaji hicho pia kina ramu nyingi kuliko utamu wake unavyoonyesha. Kinyweni baada ya chakula cha kwanza kufika.

Mwisho haupia, tui la nazi lililogandishwa kwa wanga. Kipande kimoja kinatosha watu wawili. Bili ikija ndani ya Marekani, bakshishi ya kawaida ni asilimia 18 hadi 20, na wengi huihesabu kabla ya kodi. Kundi kubwa mara nyingi huwekewa moja kwa moja, kwa hiyo soma bili mstari kwa mstari msije mkalipa mara mbili.