Kupima usalama wa tiba ya joto kwenye mfereji wa nyongo wa nguruwe: hatua tunazofuata Tabora

Mwezi uliopita alikuja kwangu hapa Tabora kijana wa shahada ya uzamili, amebeba boksi la vioo vya darubini na daftari la vipimo. Kwa hesabu zake, joto lilikuwa limepita ukuta wa mfereji wa nyongo na kuingia kwenye ini kwa nguruwe watatu kati ya wanne. Nikamuuliza nguruwe walikuwaje. Akasema walikula vizuri mpaka siku ya mwisho, hakuna homa, hakuna manjano. Hapo nikajua tutafute nini, maana kosa la kukata mfereji mshazari nililifanya mimi kabla yake na likanipotezea kazi ya wiki tatu. Tulilimaliza kwa siku mbili. Naandika hatua zote ili mwingine asianze gizani.

Kwa asiyeijua tiba hii: mgonjwa mwenye saratani iliyoziba mfereji wa nyongo huingizwa endoskopu (mrija wenye kamera) kwa mdomo, kisha katheta, yaani mrija mwembamba, hupitishwa hadi kwenye kizibo. Elektrodi zake, yaani vipande vya chuma vya kupitisha umeme, hutoa mawimbi ya redio, tishu inapata moto na kufa, njia inafunguka, na mara nyingi huwekwa stenti, kijibomba cha kuishikilia wazi. Joto likizidi, mfereji unaweza kutoboka, kuvuja damu, au baadaye kubanwa na kovu. Ndiyo maana tunaanza na wanyama.

Hatua ya 1: Kibali

Pata kibali cha kamati ya maadili kabla hujanunua hata nguruwe mmoja. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, isome. Idadi ya wanyama uweze kuitetea mmoja mmoja.

Hatua ya 2: Anza na maini ya machinjioni

Ongea na mchinjaji mapema akuachie ini, mfuko wa nyongo na kipande cha utumbo vikiwa vimeshikana. Ukichelewa, atakuwa ameshatenganisha kwa ajili ya wateja wa kitimoto. Pasha ini kwenye maji ya chumvi hadi nyuzi 37 ndipo uunguze.

Mipangilio inayotumika sana kwa binadamu ni wati 7 hadi 10 kwa sekunde 90 hadi 120. Badilisha kitu kimoja kwa wakati: wati au muda, kamwe si vyote viwili. Mimi napendelea katheta yenye kipima joto ndani yake, inayojizuia kwenye nyuzi 80 hivi. Ile inayotegemea wati na saa peke yake inakuacha ukikisia. Tishu ikipita nyuzi 100 maji yake huchemka, inakauka na kuwa mkaa, na umeme haupiti tena vizuri.

Ini la machinjioni halina damu inayotembea. Kwa mnyama hai, mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini umepita kando ya mfereji na unabeba joto kama maji ya mto. Kwa hiyo hatua hii ni ya kuzoesha mkono na kuchagua kiwango cha kuanzia. Usiandike neno "salama" kwa matokeo yake.

Hatua ya 3: Nguruwe hai

Dawa ya usingizi mwachie daktari wa mifugo. Mkumbushe tu kwamba baadhi ya nguruwe wa aina ya Landrace na Pietrain wana urithi unaofanya mwili upande joto vibaya wakipewa halothani, dawa ya usingizi ya kuvuta.

Kwa nguruwe, mfereji wa nyongo hufungukia karibu kabisa na mwisho wa tumbo la chakula, utumbo unapoanza, na wa kongosho hufungukia peke yake mbele zaidi kwenye utumbo. Binadamu wengi wanavyo pamoja. Kwa hiyo nguruwe asipougua kongosho, hujathibitisha lolote kuhusu kongosho la binadamu.

Weka kundi la kuchunguza baada ya saa 24, lingine wiki moja, lingine wiki nne, kwa sababu kovu halionekani siku ya kwanza. Na awepo aliyeingizwa katheta bila kuwashiwa mashine.

Hatua ya 4: Kuandaa mfereji kwa ajili ya kupima kina

Hapa ndipo kijana wangu aliponaswa, na mimi kabla yake.

Mfereji ukiutumbukiza kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi na kukakamaza tishu, ukiwa huru, unajikunja kama mkia wa kinyonga. Ukishakakamaa hivyo hauwezi kunyooshwa, na kisu kitaukata mshazari hata ukiwa mwangalifu vipi. Ukuta uliokatwa mshazari unaonekana mnene kuliko ulivyo, na kidonda cha joto kinaonekana kimezama zaidi. Kisu kikiinama nyuzi 60 kutoka kwenye mkato ulionyooka, milimita moja inasomeka mbili. Ukitumia kipimo hicho, utasema tiba nzuri ni hatari. Kibaya zaidi, ukirekebisha kwa kukisia, utasema ya hatari ni salama, na siku moja kuna mgonjwa atalipia.

Fanya hivi. Kabla ya fomalini, pima urefu wa mfereji ukiwa mbichi na uandike, maana tishu husinyaa. Funga uzi wenye fundo moja upande wa ini na mafundo mawili upande wa utumbo. Ulaze kwenye kipande cha boksi gumu, uunyooshe bila kuuvuta, kisha ubane nyama ya pembeni, usiuchome mfereji wenyewe. Pini za fundi cherehani niliziacha: zinapata kutu, na madoa yake ya kahawia niliwahi kuyasoma kama damu ya zamani. Natumia miiba ya mgunga, mirefu, migumu, na hapa Tabora haununui.

Wengine hupitisha mrija wa kulishia watoto wachanga ndani ili mfereji unyooke. Kwenye sehemu isiyoungua, sawa. Kwenye iliyoungua, hapana: ngozi laini ya ndani imeshakufa na mrija utaikwangua.

Fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa tishu, siku moja hadi mbili. Kisha kata kila milimita tatu, ukianzia sentimita moja kabla ya kidonda na kuishia sentimita moja baada yake, na kila kipande kipate namba yake hapo hapo.

Chini ya darubini, tazama umbo kwanza. Duara ni mkato mzuri. Likiwa yai, pima upana mkubwa na mdogo; mkubwa ukizidi mdogo kwa zaidi ya robo, mimi nakiacha kipande hicho na kuandika kwamba nimekiacha. Ila mfereji ulioungua unaweza kubonyea wenyewe, kwa hiyo linganisha na kipande cha jirani ambacho hakikuungua. Nacho kikiwa yai, kosa ni la kisu.

Hatua ya 5: Kusoma

Msomaji asijue kioo ni cha nguruwe yupi. Kwa wale wa saa 24, rangi ya kawaida ya hematoksilini na eosini haitoshi: seli iliyopikwa ghafla hubaki na umbo lake kana kwamba ni hai. Gandisha kipande kimoja kikiwa kibichi ukipake rangi inayoonyesha vimeng'enya vinavyofanya kazi. Panapokosa rangi, pamekufa.

Tulipokata upya mabaki ya tishu alizoleta kijana, kati ya nguruwe wale watatu alibaki mmoja ambaye joto lilipita ukuta kweli. Alikuwa wa wati 10, na daftari la siku hiyo linaonyesha aliunguzwa mara mbili mahali pamoja bila kupumzika katikati. Huyo sasa ana ukurasa wake kwenye ripoti, na picha zake zote.