Kalenda ya Uchumi ya Wiki: Namna ya Kuisoma Ukiwa Marekani au Kanada

Kila mwisho wa juma, magazeti ya fedha ya Amerika Kaskazini huchapisha orodha ya takwimu zitakazotolewa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa: ajira, bei, mauzo ya rejareja, maombi ya mafao ya waliopoteza kazi, na vikao vya benki kuu. Orodha hiyo huandikwa kwa ajili ya wanaonunua na kuuza hisa, na kwa sababu hiyo Mtanzania anayehudumia wazee Columbus, au Mkenya anayeendesha lori kati ya Calgary na Winnipeg, huipita kana kwamba haimhusu. Ninaamini inamhusu yeye zaidi kuliko mchuuzi wa hisa, kwa kuwa mchuuzi anaweza kuuza alichonacho kwa dakika moja, ilhali mwenye mkopo wa nyumba, deni la kadi na mama anayesubiri fedha za dawa Morogoro hana pa kuyauza majukumu yake.

Kwa hiyo usianze na kalenda, anza na daftari lako. Andika tarehe ambayo riba ya mkopo wako itabadilika, tarehe ambayo mkataba wako wa kazi au wa pango unakwisha, na tarehe ambayo unatakiwa kutuma nyumbani kiasi kikubwa kuliko kile cha kila mwezi, iwe ada ya shule, kiwanja au ujenzi. Mimi hufanya hivyo Jumapili usiku, watoto wakishalala. Takwimu ambayo haigusi hata moja kati ya tarehe hizo unaweza kuiacha ipite bila hasara yoyote, na katika wiki nyingi utabakiwa na moja au mbili za kufuatilia.

Saa nazo zina maana. Takwimu kubwa za serikali za Marekani na za Kanada hutolewa saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za New York na Toronto, yaani saa moja kabla ya masoko ya hisa kufunguliwa saa tatu na nusu. Aliyeko Calgary huzipata saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Nairobi na Dar es Salaam wakati huo ni saa tisa na nusu alasiri katika miezi ya kiangazi cha huku, na saa kumi na nusu jioni baada ya saa kurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Anayetuma fedha Ijumaa asubuhi kabla ya kwenda kazini atambue basi kwamba huenda anatuma dakika chache kabla au baada ya soko kutikisika, huku benki za nyumbani zikielekea kufunga kwa mapumziko ya wiki.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba soko haliitikii habari yenyewe bali tofauti kati ya habari na matarajio. Wachambuzi huulizwa mapema makadirio yao, na makadirio hayo huwa yamekwisha kuingizwa katika bei kabla takwimu haijatoka. Ndiyo maana ajira zinaweza kuongezeka na hisa zikashuka siku hiyohiyo, kwa hofu kwamba benki kuu haitapunguza riba. Unaposoma kalenda, safu ya matarajio ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Takwimu yenye uzito mkubwa kuliko zote ni ripoti ya ajira ya Marekani, ambayo kwa kawaida hutolewa na Ofisi ya Takwimu za Kazi Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Ndani yake mna tafiti mbili zinazochanganywa mno na watangazaji: moja huuliza kaya zipatazo 60,000, na humo ndimo kinamotoka kiwango cha ukosefu wa ajira, nyingine huwauliza waajiri idadi ya watu walio kwenye orodha zao za mishahara, na humo ndimo inamotoka idadi ya ajira zilizoongezeka. Tafiti hizo zinaweza kupingana katika mwezi mmoja bila yoyote kuwa na kosa. Kwa watu wetu, namba ya jumla si muhimu kama jedwali la sekta lililo ndani ya ripoti, kwa sababu wengi wetu tuko katika huduma za afya, uangalizi wa wazee, uchukuzi na maghala. Uchumi unaweza kuongeza ajira kwa ujumla huku maghala yakipunguza watu, na anayefanya kazi ghalani ataona saa zake za ziada zikikatwa kabla hajaelewa kinachoendelea. Tazama pia wastani wa saa za kazi kwa wiki, kwa kuwa waajiri wengi hupunguza saa kwanza ndipo wapunguze watu.

Ripoti ya tarehe 2 Agosti 2024 inafundisha namna ya kuipokea habari mbaya. Ilionyesha ajira 114,000 wakati wachambuzi walitarajia karibu 175,000, na ukosefu wa ajira ulipanda hadi asilimia 4.3. Jumatatu iliyofuata, kwa mchanganyiko wa hofu hiyo na mabadiliko ya riba ya Japani, kipimo cha hisa cha Nikkei cha Tokyo kilianguka kwa zaidi ya asilimia 12 na kile cha S&P 500 cha Marekani kwa asilimia 3. Kabla mwezi haujaisha, S&P 500 ilikuwa imerudi juu ya pale ilipokuwa. Aliyeuza akiba yake ya 401(k), yaani mfuko wa uzeeni wa mahali pa kazi Marekani, siku ile kwa woga aliigeuza hasara ya kwenye karatasi kuwa hasara ya kweli, na fedha hizo zilikuwa za uzeeni, si za wiki ile.

Tena namba hizo husahihishwa. Tarehe 1 Agosti 2025 ripoti ilipunguza makadirio ya ajira ya Mei na Juni kwa jumla ya 258,000, na siku hiyohiyo Rais Donald Trump akamfukuza kazi kamishna wa Ofisi ya Takwimu za Kazi, Erika McEntarfer. Miezi miwili baadaye serikali ya shirikisho ilifungwa kwa siku 43, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025, takwimu nyingi zikachelewa, na kipimo cha bei za walaji cha Oktoba hakikutolewa kabisa. Nayataja haya kwa sababu nawaona ndugu zetu wakifanya uamuzi wa miaka kumi kwa namba ya mwezi mmoja. Chukua wastani wa miezi mitatu, nawe utakuwa karibu zaidi na ukweli.

Kila Alhamisi hutoka idadi ya maombi mapya ya mafao ya ukosefu wa ajira. Haipigiwi kelele, lakini hutoka kila wiki na huonyesha mapema watu wanapoanza kuachishwa kazi. Kanada hutoa utafiti wake wa nguvu kazi kupitia Shirika la Takwimu la Kanada, kwa kawaida siku ya Ijumaa, na kwa kuwa nchi ina watu wachache, namba zake huruka sana kutoka mwezi hadi mwezi.

Katikati ya mwezi huja mfumuko wa bei. Mwezi Juni 2022 ulifikia asilimia 9.1 Marekani na 8.1 Kanada, na tangu hapo kila familia imejifunza neno hilo dukani. Kinachofaa kujulikana ni kwamba gharama za makazi hubeba karibu theluthi moja ya kipimo cha Marekani na hukisogeza polepole, hivyo kipimo kinaweza kupanda mwezi ambao petroli imeshuka. Benki Kuu ya Marekani, ambayo wengi huiita Fed, hupima lengo lake la asilimia 2 kwa kipimo kingine, kile cha matumizi ya watu binafsi, ambacho hutolewa baadaye. Benki Kuu ya Kanada nayo hulenga asilimia 2, katikati ya wigo wa 1 hadi 3. Kwa madereva wa malori wanaojilipia mafuta, bei ya dizeli inayotangazwa kila wiki na idara ya takwimu za nishati ya Marekani ina faida kuliko kipimo chote cha mfumuko, kwa sababu mikataba mingi ya mizigo hukokotoa nyongeza ya mafuta kwa bei hiyo.

Benki zote mbili hukaa vikao 8 kwa mwaka kuamua riba. Fed hutangaza Jumatano saa nane mchana kwa saa za New York, na nusu saa baadaye mwenyekiti wake hujibu waandishi. Kanada hutangaza saa nne kasorobo asubuhi. Uamuzi huo hukufikia kwa njia mbili tofauti, na kutozitofautisha kumewagharimu wengi. Madeni yenye riba inayobadilika, kama kadi za mkopo na mikopo inayotegemea thamani ya nyumba, hufuata riba ya benki kuu moja kwa moja: riba ya msingi ya mabenki ya Marekani kwa desturi huwa asilimia 3 juu ya ukomo wa juu wa wigo wa riba ya Fed, na ya Kanada asilimia 2.2 juu ya ile ya benki kuu yake. Lakini mkopo wa nyumba wa miaka 30 wa Marekani hauifuati riba hiyo moja kwa moja. Huo hufuata hatifungani za serikali za miaka 10, yaani hati za deni ambazo serikali hukopea fedha, na ambazo bei zake hupangwa sokoni kila siku.

Septemba 2024 ilionyesha jambo hilo waziwazi. Fed ilipunguza riba kwa nusu asilimia, na wengi waliokuwa wakitafuta nyumba wakaambiana wasubiri, riba ya mikopo itashuka zaidi. Mwishoni mwa Septemba mkopo wa miaka 30 ulikuwa karibu asilimia 6.1. Fed iliendelea kupunguza Novemba na Desemba, na bado mwaka ulifungwa mkopo huo ukiwa karibu asilimia 6.9, kwa sababu wenye hatifungani walihofia mfumuko na madeni ya serikali. Anayetaka kununua nyumba Marekani na atazame faida ya hatifungani za miaka 10 kila jioni, badala ya kusubiri Jumatano ya Fed.

Kanada ni tofauti, na huko ndiko ninakoona hatari kubwa zaidi. Mkopo hulipwa kwa miaka 25 au zaidi, lakini riba hufungwa kwa kipindi kifupi, mara nyingi miaka mitano, kisha mkataba huhuishwa kwa riba ya siku hiyo. Aliyefunga riba ya chini mwaka 2021 hukutana na riba tofauti kabisa mwaka 2026. Riba iliyofungwa hufuata hatifungani za Serikali ya Kanada za miaka mitano. Kama tarehe yako ya kuhuisha iko ndani ya miezi minne, muulize mkopeshaji wako leo kama anaweza kukushikia riba ya sasa huku ukisubiri, na uwaulize wakopeshaji wengine wawili. Wanaojiepusha na riba kwa ajili ya dini wasidhani haya hayawahusu, kwani mikataba ya nyumba isiyo na riba nayo hupangiwa bei kwa kutazama soko hilohilo.

Riba inaposhuka, akiba iliyo benki nayo huzaa kidogo. Hilo lisikusukume kuitoa fedha ya dharura kwenda kwenye hisa au kwa mtu anayeahidi faida kubwa katika kundi la WhatsApp la jumuiya. Amana katika benki zilizosajiliwa hulindwa hadi dola 250,000 Marekani na hadi dola 100,000 za Kanada kwa kila kundi la amana Kanada, na ulinzi huo hauko kwenye hisa wala kwa mtu wa WhatsApp.

Sasa fedha za nyumbani. Watu wengi huniuliza kama wasubiri takwimu za Ijumaa kabla ya kutuma. Jibu langu ni kwamba kwa dola 200 au 500 usisubiri, kwa sababu shilingi zetu husogezwa zaidi na mambo ya nyumbani kuliko na kalenda ya Washington. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya. Februari Kenya ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu kubwa ya ile ya bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni, na baada ya wiki chache dola ikawa karibu 130. Aliyekuwa amezishikilia dola 1,000 akingoja zipande alipoteza karibu shilingi 30,000. Shilingi ya Tanzania nayo hupata nguvu katika nusu ya pili ya mwaka, watalii na mazao ya biashara vinapoingiza fedha za kigeni. Kwa kiasi kikubwa, kama cha kiwanja, gawa mara tatu au nne katika miezi tofauti.

Aliye Kanada ana hatua moja zaidi, kwa kuwa dola yake hupimwa kwanza dhidi ya ile ya Marekani, ndipo dhidi ya shilingi. Benki Kuu ya Kanada inapopunguza riba na Fed ikabaki palepale, dola ya Kanada huelekea kudhoofika, na mama aliye Kisumu hupokea pungufu bila jambo lolote kutokea Kenya. Kwa mtumaji wa Kanada, wiki ambayo benki hizo mbili zinakutana ina uzito kweli.

Lakini kabla ya yote, linganisha kiwango unachopewa na kampuni ya kutuma na kile cha soko. Tuchukulie soko linasema 129 nawe unapewa 126: katika dola 500 umekatwa shilingi 1,500, hata kama tangazo linasema hakuna ada. Tofauti hiyo hukatwa kila mwezi, iwe takwimu za wiki zilikuwa nzuri au mbaya. Na aliye Marekani akumbuke kwamba tangu mwanzo wa mwaka 2026 ipo kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje zikilipiwa kwa noti taslimu, hawala ya fedha ya karatasi (money order) au hundi inayotolewa na benki yenyewe (cashier's check). Zinazolipiwa kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa Marekani hazitozwi. Kama shangazi bado anabeba noti hadi dukani kila Jumamosi, mfungulie akaunti wiki hii na ukae naye mara ya kwanza anapotuma kwa simu.