Kadi ya Kliniki na Kadi ya Bima: Mwongozo kwa Wazazi wa Watoto Wadogo Jijini Tanga

Mzazi mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano anahitaji kadi mbili, na kila moja ina kazi yake. Kadi ya kliniki, ambayo mtoto huipata anapozaliwa, ni ya mizani, chanjo na matone ya vitamini A. Kadi ya bima ni ya siku anapougua. Wazazi wengi, hasa wa mtoto wa kwanza, huhangaikia bima wakidhani kwamba ndiyo itakayolipia kliniki, ilhali kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007 watoto wa umri huo wamo katika kundi la msamaha wa malipo kwenye vituo vya serikali. Kwa hiyo usiahirishe kliniki ya wiki ya sita kwa sababu bima haijakamilika.

Anza na kliniki iliyo karibu na nyumbani. Hospitali ya Bombo ni ya rufaa ya mkoa, na mtoto mzima wa afya hana sababu ya kupelekwa huko kupimwa uzito tu wakati vituo vya afya kama Makorora, Ngamiani na Pongwe vipo. Baada ya chanjo za kuzaliwa, yaani ya kifua kikuu na matone ya polio, mtoto hurudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14 kwa chanjo za kumkinga na kifaduro, pepopunda, dondakoo, homa ya ini, nimonia, kuhara na polio. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, kisha hurudiwa akitimiza miezi 18. Katikati ya tarehe hizo, na hata baada yake, ipo mizani.

Mizani ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Mtoto huvuliwa nguo, huvalishwa kile kikaptula cha mizani na kuning'inizwa huku akilia. Muuguzi husoma uzito na kutia nukta kwenye chati iliyo ndani ya kadi. Mama hupokea kadi, huikunja na kuondoka. Iangalie nukta hiyo kabla hujaondoka kwenye benchi. Inapopanda mwezi hadi mwezi, mambo ni shwari. Inapolala au kushuka, muulize muuguzi papo hapo, naye ataweza kumpima mtoto mkono kwa utepe wenye rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kijani ni salama, njano ni tahadhari, na nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali unaotakiwa kutibiwa bila kuchelewa. Kama anayempeleka mtoto ni bibi au shangazi, naye aelezwe jambo hili, maana tarehe ya kurudi na ushauri wa muuguzi mara nyingi hupotelea njiani.

Baada ya miezi 18 wazazi wengi huacha kwenda, kwa hoja kwamba sindano zimekwisha. Hapo wanakosea, kwa kuwa vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita hadi mtoto akaribie miaka mitano, dawa za minyoo huanza akitimiza mwaka mmoja, na udumavu huonekana kwenye vipimo mapema kuliko kwa macho.

Sasa bima. Kabla ya kifurushi chochote, shughulikia cheti cha kuzaliwa, kwa sababu ndicho kitakachoulizwa kwanza. Tunza tangazo la kizazi ulilopewa hospitalini, na ulizia kituoni au ofisi ya kata kuhusu usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano unaosimamiwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao cheti chake hutolewa bila malipo. Hakikisha majina yanaandikwa kwa herufi zilezile kwenye cheti, kadi ya kliniki na fomu ya bima. Mwanaidi wa karatasi moja akiwa Mwanahidi wa nyingine, utazungushwa.

Ikiwa wewe au mwenzi wako ni mtumishi anayekatwa mchango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mtoto huingizwa kama mtegemezi bila mchango wa ziada, ilimradi nafasi ipo: mwanachama, mwenzi wake na wategemezi wanne. Hapa familia hulazimika kuamua, kwa kuwa wazazi wako na wakwe nao huhesabiwa katika wanne hao. Kwa maoni yangu, ikiwa nafasi ni moja, mzee mwenye maradhi ya kudumu aipate kabla ya mtoto mwenye afya, kwa vile mtoto bado ana msamaha na mzee huenda hana. Kwa mvuvi, mkulima au mfanyabiashara ndogo, njia nyepesi imekuwa CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo mikoani ilipangiwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na uandikishaji wake ukafanyika mitaani na vijijini. Ipo pia Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambayo zamani ilichangiwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa na kuelekezwa shuleni, kwa hiyo usitegemee masimulizi ya jirani. Ulizia masharti yanayotumika leo katika ofisi ya Mfuko huo wa Taifa.

Ukinunua bima ya kampuni binafsi, soma orodha ya huduma zisizogharamiwa kabla ya orodha ya zile zinazogharamiwa. Uliza waziwazi kama kumwona daktari wa watoto bila mtoto kuwa mgonjwa kunalipiwa, kama chanjo zilizo nje ya ratiba ya taifa zimo, na kipindi cha kusubiri kabla bima haijaanza kulipia ni cha muda gani.

Siku ya kwenda kutibiwa, beba kadi zote mbili, kwa kuwa daktari atataka kuona uzito na chanjo. Soma fomu ya madai, ile ambayo kituo huitumia kuidai bima malipo, kabla ya kutia saini, uhakikishe kwamba vipimo na dawa zilizoandikwa ndizo ulizopata. Dawa ikikosekana kituoni, usikimbilie kununua kwa fedha zako. Uliza kwanza utaratibu wa kuichukua katika duka la dawa lililosajiliwa na bima yako. Na kama mtoto wa chini ya miaka mitano hana bima, nawe ukadaiwa malipo usiyoyamudu katika hospitali ya serikali, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo, ukiwa na kadi ya kliniki mkononi kuthibitisha umri wa mtoto.