Namna ya Kupima Kama Chuo Kinakufaa: Mwongozo kwa Mwombaji wa Dodoma

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mazungumzo ya nyumbani hugeukia majina ya vyuo: kipi kikubwa, kipi kina sifa, kipi alisoma mtoto wa jirani. Kwa maoni yangu mazungumzo hayo huanzia pasipofaa, kwa sababu kitakachomshughulisha mwombaji kwa miaka mitatu au zaidi ni programu moja, na programu hiyo ndiyo inayostahili kupimwa kwanza.

Anza na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufundisha. Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na mafunzo ya astashahada na stashahada husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Itafute programu yenyewe kwa jina lake katika mwongozo wa udahili wa mwaka husika, wala usiridhike kwa kuona kwamba chuo kimesajiliwa. Kwa fani zenye mabaraza au bodi za kitaaluma, kama vile famasia, uuguzi na uhandisi, uliza pia kama mhitimu wa programu hiyo husajiliwa bila kikwazo.

Hatua inayofuata ni kulinganisha matokeo yako na sifa za programu, na hapa ndipo waombaji wengi hujidanganya. Kiwango cha jumla cha kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu wa msingi (principal pass) katika masomo mawili, wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Tuchukue mhitimu wa PCB aliyepata D ya Kemia, D ya Biolojia na E ya Fizikia: D zake mbili zinampa pointi 4, kwa hiyo amefikia kiwango cha jumla, lakini udaktari wa binadamu hudai angalau D katika kila somo kati ya hayo matatu, na E yake ya Fizikia inamfungia mlango huo. Zaidi ya hayo, kutimiza sifa za chini hakumhakikishii mtu nafasi, maana waombaji hushindanishwa.

Mwombaji aliyepo Dodoma ana bahati ambayo wengi hawaitumii: anaweza kwenda kuona mwenyewe. Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Chuo cha Mipango na kampasi ya Chuo cha Elimu ya Biashara vyote vimo ndani ya jiji. Nenda siku ya kazi, muhula ukiwa katikati, usisubiri siku ya maonyesho ambapo kila kitu kimepambwa. Ukishasikia maelezo ya ofisi ya udahili, watafute wanafunzi wa mwaka wa pili wa programu unayoitaka, kwa sababu wa mwaka wa kwanza bado wana ugeni. Waulize mambo yanayojibika: wiki iliyopita ni vipindi vingapi havikufundishwa, ni somo gani linawapa wengi supu (mtihani wa marudio), kompyuta au vifaa vya maabara vinatumiwa na watu wangapi kwa zamu moja, na nafasi ya fildi (mafunzo kwa vitendo) hutafutwa na chuo au kila mtu hujitafutia. Swali hili la mwisho mimi nalipa uzito mkubwa, hasa kwa kijana asiye na ndugu maofisini.

Gharama nazo zisipimwe kwa ada peke yake. Ndaki (vyuo vya ndani) za Chuo Kikuu cha Dodoma zimetawanyika kwenye eneo pana sana, na anayekosa hosteli akapanga chumba mitaa ya Nkuhungu au Chang'ombe atalipa nauli kila siku. Kwa mfano, shilingi 2,000 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 17, ni shilingi 170,000 kwa muhula mmoja. Chuo cha Serikali za Mitaa kipo Hombolo, mbali na katikati ya jiji, na hesabu yake ni tofauti. Kabla ya kulipia chumba popote, uliza habari za mgao wa maji. Anayetegemea Bodi ya Mikopo naye apige hesabu akichukulia kwamba mkopo unaweza kufidia sehemu tu ya ada, na kwamba bumu (fedha za kujikimu) linaweza kuchelewa.

Majibu yote yaandikwe kwenye karatasi moja, programu kwa programu, kabla ya kutuma maombi, na mzazi au mlezi anayelipa aisome. Karatasi hiyo itahitajika tena majina yakitangazwa, kwa kuwa aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu ndani ya muda uliowekwa, na muda huo huwa mfupi.