Iulizeni Mamlaka ya Ushindani kabla ya kutia sahihi

Wenye malori wa Changamwe na Miritini, hapa Mombasa, wakija ofisini kwangu Nkrumah Road, mara nyingi huja na mambo mawili kwenye karatasi moja: kununua dizeli na tairi kwa pamoja, na kupanga bei ya kubeba kontena ambayo hakuna atakayeshuka chini yake. Kwao yote mawili ni ushirika. Kisheria ni vitu viwili mbalimbali, kwa hiyo anzeni kwa kuvitenganisha.

La bei lifuteni leo. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 kinakataza washindani kupatana bei, na cha 22 kinavibana vyama vya wafanyabiashara, kwa hiyo kujiita chama hakuwaokoi. Mamlaka ya Ushindani, inayosimamia sheria hiyo, inaweza kutoza hadi asilimia 10 ya mauzo ya mwaka uliotangulia. Mahakamani ni kifungo cha hadi miaka 5, au faini ya hadi shilingi milioni 10, au vyote viwili. Wala hakuhitajiki mkataba ulioandikwa. Ujumbe wa "jamani tusishuke hapo" kwenye grupu ya WhatsApp ni ushahidi tosha wa kuanzia.

La dizeli ndilo la kuulizia. Iandikieni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya kuomba maoni yake, na msiandike "tunaomba kujua kama tunaruhusiwa kushirikiana". Swali hilo halijibiki. Semeni ni akina nani, kila mmoja ana malori mangapi, anabeba mzigo gani na kwa njia ipi: Nairobi, au humu humu mjini hadi depo. Tajeni wapinzani wenu, reli ya SGR ikiwemo. Elezeni dizeli inachukua kiasi gani cha gharama zenu.

Kisha elezeni nani atakusanya oda. Hapa nawasihi wateja wangu wasipite haraka. Mwenye lori akiona jirani yake ameagiza lita ngapi, ameshajua safari zake za mwezi mzima, na kutoka hapo kupatana bei ni hatua moja. Wekeni karani asiyemiliki lori, anayepokea oda ya kila mtu kivyake, na muandike hivyo kwenye barua. Ambatisheni rasimu ya makubaliano kabla haijatiwa sahihi, na muombe takwimu zenu zitunzwe kama siri ya biashara.

Jibu mtakalopata ni maoni, si kinga. Lina nguvu kwa kadiri mlivyosema kweli. Mkitaka uhakika zaidi, kwa sababu mnakopa benki kujenga tangi la pamoja kwa mfano, ombeni msamaha rasmi, yaani kuondolewa katazo, chini ya kifungu cha 25. Huo una masharti, na unaweza kufutwa mkiyavunja au ikibainika mlidanganya.

Ulaya nako ni vivyo hivyo. Tangu Mei 2004 kampuni hujipima zenyewe kama makubaliano yao yanavunja sheria ya ushindani, na barua za mwongozo hutolewa kwa nadra, penye swali jipya. Julai 2025 Tume ya Ulaya ilitoa moja kuhusu vituo vya makontena kununua mitambo ya umeme kwa pamoja, ikaitangaza. Natamani majibu ya kwetu nayo yatangazwe, siri za watu zikiondolewa, ili mwenye lori mbili asilipe wakili kuuliza lililokwisha kujibiwa.

Akiingia mwanachama mkubwa, au mkianza kununua bima pia kwa pamoja, andikeni upya. Barua ya zamani haiwahusu tena.