Jinsi ya Kuchagua Matairi Mapya ya Mercedes-Benz E-Class ya Zamani

Mwongozo huu unahusu Mercedes-Benz E-Class ya toleo la W211, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2009, ambayo bado inaonekana katika barabara za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Nimeichagua kwa sababu mara nyingi hufika kwa fundi ikiwa imevaa matairi yasiyoifaa: ama makubwa ya urembo aliyoyaweka mmiliki aliyetangulia, ama ya bei ya chini kabisa yaliyowekwa na mtu aliyekwisha kuchoka kuihudumia. Gari la aina hii likifikisha miaka 15 au 20, bei yake sokoni hushuka sana, lakini uzito wake, nguvu ya injini yake na mahitaji yake ya tairi hubaki palepale. Mwenye Toyota Crown, Mark X au BMW ya umri huo anaweza kufuata hatua hizi hizi kwa kubadilisha vipimo.

Hatua ya 1: Kagua matairi yanayotoka kabla hujanunua yanayoingia

Egesha gari mahali tambarare, zungusha usukani hadi mwisho, kisha pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kutoka ukingo wa nje hadi wa ndani. Usitegemee macho peke yake, kwa sababu katika gari hili ukingo wa ndani ndio unaoliwa kwanza, na ukiwa umesimama pembeni utaona kashata (vibonge vya mpira juu ya uso wa tairi) nzuri za nje huku ndani tairi limebaki kipara, pengine nyuzi za chuma zimeanza kuchungulia.

Tairi lililoliwa kingo zote mbili limetembea na upepo mdogo kwa muda mrefu. Lililoliwa katikati limejazwa kupita kiasi. Lililoliwa kwa mabonde mabonde, yaani sehemu moja juu na nyingine chini kuzunguka mzingo wake, kwa kawaida linashitaki shokapu (vizuia-mtikisiko) zilizochoka. Lililoliwa upande mmoja tu linaonyesha kwamba magurudumu yamepotea mkao, na katika W211 sababu ya kwanza ya kutafuta ni bushi (vipande vya mpira vya kuungia) na boli jointi (viungo vya mpira wa chuma) za mikono ya chini inayoshika magurudumu ya mbele. Kwa magari yenye mfumo wa kusimama kwa upepo (mifuko ya hewa badala ya springi), kagua pia kama nyuma imeshuka kuliko inavyotakiwa, kwani gari likilala nyuma, magurudumu huinamia ndani na kula tairi haraka.

Kasoro hizo zitengenezwe kwanza. Ikiwa fedha hazitoshi kwa yote mawili, ushauri wangu ni kununua bushi na matairi mawili badala ya matairi manne yatakayofungwa juu ya miguu mibovu, kwa sababu seti mpya kabisa inaweza kuharibika ukingo wa ndani kabla ya mwaka kwisha.

Hatua ya 2: Tafuta kipimo sahihi, nacho si lazima kiwe kile kilichofungwa sasa

Watu wengi huenda dukani wakiwa wamenakili namba zilizo ubavuni mwa tairi la zamani. Kwa gari lililopitia mikono mitatu au minne, namba hizo zinakueleza tu alichopenda mtu aliyekutangulia. Fungua kifuniko cha tundu la mafuta. Kwa ndani kuna kibandiko chenye upepo unaotakiwa kwa vipimo vilivyoidhinishwa. Kitabu cha gari nacho kinaeleza vipimo hivyo. Katika magari ya Toyota, kibandiko kama hicho kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Vipimo ambavyo W211 ilitoka navyo kiwandani, kulingana na injini na daraja la gari, ni pamoja na 225/55R16, 245/45R17, na seti ya inchi 18 yenye 245/40R18 mbele na 265/35R18 nyuma. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo ubavu wa 225/55R16 una takriban milimita 124, wa 245/45R17 una milimita 110, na wa 245/40R18 una milimita 98. Ukizidisha ubavu mara mbili na kuongeza rimu, utaona kwamba vipimo vyote vitatu vinakaribia kabisa milimita 653 za kipenyo. Waliounda gari walibadilisha rimu na ubavu lakini wakaacha urefu wa gurudumu zima mahali pamoja, kwa sababu spidomita, mfumo wa ABS (unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki) na ule wa kuzuia gari lisiteleze vyote huhesabu mizunguko ya gurudumu.

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Mtu anayetaka gari lipande juu kidogo ili lipite kwenye matuta hufunga 245/45R18, ambayo kipenyo chake kinakaribia milimita 678. Gurudumu hilo ni kubwa kwa zaidi ya asilimia tatu; kwa hesabu, mshale ukionyesha kilomita 100 kwa saa gari linakwenda karibu 104, na tairi linaweza kusugua plastiki ya ndani ya madigadi usukani ukikatwa hadi mwisho. Gari lililoshuka hupandishwa kwa kutengeneza springi au mifuko yake ya upepo. Tairi si dawa ya ugonjwa huo.

Sasa swali lenyewe: inchi 16, 17 au 18? Kwa mtu wa Dar es Salaam anayeishi Masaki na kufanya kazi Posta, huku akisafiri Morogoro au Tanga mara chache, jibu langu ni 16 au 17, na sina kigugumizi katika hilo. Tofauti ya ubavu kati ya 16 na 18 ni milimita 26, na milimita hizo ndizo zinazopokea kishindo pale gurudumu linapotumbukia katika shimo ambalo maji ya mvua yamelificha. Ubavu mfupi ukibanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu, nyuzi za ndani hukatika na tairi hutoa nundu. Nundu haizibwi, na tairi la namna hiyo halifai tena barabarani. Rimu nayo hupinda, kisha gari huanza kutetemeka usukani kwa mwendo wa barabara kuu. Aidha, seti yenye matairi mapana nyuma kuliko mbele haiwezi kubadilishana nafasi mbele na nyuma, kwa hiyo nyuma huisha mapema na wewe hununua mawili mawili kila mara.

Ukiamua kushuka kwenda 16, yapo mambo ya kukagua kabla ya kulipia rimu za mtumba. Bolti za W211 ni tano katika duara la milimita 112 na tundu la katikati lina milimita 66.6, rimu za magari mengine ya Ujerumani zinaweza kulingana kwa bolti na zisilingane kwa tundu la katikati. Namba ya ET (inayoonyesha rimu imekaa ndani au nje kiasi gani, kwa milimita) iliyopigwa nyuma ya rimu ilingane na inayotajwa katika kitabu cha gari. Bolti halisi za Mercedes zina kikalio cha mviringo kama mpira, wakati rimu nyingi za kununua nje ya kiwanda hutaka kikalio cha pembe. Ukichanganya, bolti itaonekana imekaza kumbe imeshika kwa mstari mwembamba tu. Mwisho, breki. E200, E220 CDI na E240 zilitoka na rimu za 16, lakini injini kubwa zina diski kubwa zaidi. E55 AMG haikubali kabisa rimu hizo, na kwa E500 usilipe kabla rimu haijajaribiwa kwenye gari lenyewe.

Hatua ya 3: Soma uwezo wa kubeba na wa mwendo

Baada ya kipimo huja namba na herufi, kwa mfano 95W. Namba 95 maana yake tairi moja linabeba kilo 690. 93 ni kilo 650, 97 ni 730, na 99 ni 775. Herufi H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, na W ni 270. Usishuke chini ya namba ya mzigo iliyotajwa na kiwanda, hata muuzaji akikuapia, kwa kuwa W211 ikiwa tupu ina zaidi ya tani moja na nusu, na watu watano na mizigo ya safari hawajahesabiwa.

Kuhusu herufi, wapo wanaouliza kwa nini walipie W ilhali hawatavuka hata 120. Herufi hiyo inaeleza pia jinsi tairi linavyostahimili joto, na joto la lami ya Chalinze saa nane mchana ni mtihani wa kweli. Fuata kitabu cha gari. Usikubali T au S eti kwa sababu zimebaki dukani. Ukiona neno XL, ujue tairi limeimarishwa ili libebe mzigo mkubwa kwa upepo mwingi zaidi, jambo linalofaa sana kwa rimu za 17 na 18.

Hatua ya 4: Tazama umri wa tairi

Tafuta ubavuni maandishi ya DOT na usome tarakimu nne za mwisho: 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Zikikosekana upande wa nje, ziko upande wa ndani. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na jua letu huharakisha uzee huo. Mimi sichukui tairi "jipya" lililokaa zaidi ya miaka miwili tangu kutengenezwa, na Mercedes yenyewe inashauri tairi libadilishwe likifikisha miaka sita hata kama kashata bado zipo.

Kwa sababu hiyo siyapendi matairi ya mtumba kwa gari hili. Jihadhari hasa na yale yaliyotoka Japani yakiwa na neno STUDLESS ubavuni: hayo ni ya theluji, mpira wake ni laini, na uso wake umejaa vijimkato vyembamba. Kwenye lami ya moto huyumba, huliwa upesi, na hufanya breki ziwe ndefu. Magari mengi yaliyoagizwa kutoka huko hufika yakiwa yamefungwa matairi hayo, na mmiliki huyaacha kwa kuwa kashata ni ndefu na za kuvutia.

Hatua ya 5: Chagua aina na kampuni

Hapa nitakuwa mfupi kuliko wauzaji. Taka tairi la kawaida la gari dogo la barabarani, lenye mifereji mipana inayozunguka tairi lote kwa ajili ya kutoa maji. Matairi mengi hubeba alama za Kimarekani za ubora: kwa mshiko wa lami yenye maji madaraja ni AA, A, B na C, na kwa ustahimilivu wa joto ni A, B na C. Kwa gari hili chagua A kwa joto na angalau A kwa mshiko. Namba ya uvaaji wa tairi, mfano 300 au 500, inafaa kulinganisha matairi ya kampuni moja. Baina ya kampuni tofauti usiiamini sana.

Matairi yaliyoidhinishwa na Mercedes yana alama ya MO. Gari lilipokuwa jipya alama hiyo ilikuwa na uzito. Leo usiikimbilie kwa gharama kubwa, kwa sababu tairi la bei ya kati lililotengenezwa karibuni na kampuni inayojulikana lina faida kubwa kuliko tairi lenye MO lililokaa kwenye rafu miaka minne. Michelin, Continental, Bridgestone na Yokohama sina wasiwasi nayo, mradi muuzaji atoe risiti na tarehe isomeke. Katika matairi ya Kichina yapo mazuri na yapo mabovu, na njia ya kuyapambanua ni alama nilizotaja, si mng'aro wa mpira.

Hatua ya 6: Manne au mawili?

Manne ni bora, na kwa gari la 4MATIC ni karibu lazima, kwa kuwa magurudumu yote yanapokea nguvu na tofauti ya vipenyo huuchosha mfumo wake. Ukinunua mawili kwa gari la kawaida, yafunge nyuma. Mafundi wengi watabisha, wakisema mbele ndiko kwenye usukani. Lakini mbele ikiteleza kwenye maji, dereva huhisi na kupunguza mwendo; nyuma ikiteleza, gari hugeuka kabla hajaelewa kilichotokea. Yanayobaki mbele yawe na kashata zisizopungua milimita 3. Alama za TWI (vijinundu vya kuonyesha tairi limeisha) ndani ya mifereji huonyesha milimita 1.6, na kufikia hapo umeshachelewa kwa msimu wa masika.

Hatua ya 7: Simamia ufungaji

Hakikisha valvu mpya zimewekwa, mshale wa mzunguko unaelekea mbele, na tairi lenye neno OUTSIDE limetazamishwa nje. Magurudumu yote yapigwe balansi (kusawazisha uzito wake), kisha gari lifanyiwe alaimenti (kurekebisha mkao wa magurudumu) siku hiyo hiyo. Bolti zikazwe kwa mpangilio wa nyota hadi Nm 130 (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa spana ya kupimia. Bunduki ya upepo ikikaza peke yake hupitiliza, na siku ya pancha njiani hutaweza kuzifungua.

Jaza upepo kwa kufuata kibandiko cha kifuniko cha mafuta, tairi likiwa baridi. Bar 1 ni psi 14.5, na joto likipanda nyuzi 5 au 6 upepo huongezeka kwa takriban psi 1, hivyo usipunguze upepo wa tairi lililotoka safarini. Naitrojeni si lazima. Hewa ya kawaida ina asilimia 78 ya naitrojeni tayari, bila malipo. Tairi la akiba nalo lipimwe na tarehe yake isomwe, kwani katika magari haya mara nyingi ndilo lile lililotoka kiwandani.

Kwa kilomita 200 za mwanzo endesha kwa upole, kwa sababu uso wa tairi jipya bado unateleza, na baada ya kilomita 50 hadi 100 rudi ukakaze bolti tena kwa spana ile ile.